Kisiki Kitachipuka: Fundisho juu ya Pori la Miombo na Wajibu wa Mkristu

Kila mkatekumeni, tangu siku za kwanza za mafundisho, hujifunza kwamba Mungu ndiye Muumba wa vitu vyote, vya mbinguni na vya duniani. Hayo huyasema kwa kinywa, na ni vema. Lakini wengi wakiisha kuyasema huchukua shoka na panga wakaenda zao porini, wala hawakumbuki kwamba pori wanaloingia ni sehemu ya dunia hiyo hiyo waliyoitaja kanisani. Mungu wa kanisani na Mungu wa porini ni mmoja. Kwa hiyo yafaa mkatekumeni ajue pori lilivyo, mali iliyomo ndani yake, jinsi linavyoharibika, na jinsi mtu aliye karibu kubatizwa apaswavyo kulitendea.

I. PORI LA MIOMBO

Katika Katanga ya kusini, pande za Lubumbashi, Likasi, Kipushi, Kasenga na Sakania, msitu si ule mnene wa bonde la mto Kongo, ambamo mvua haikatiki kwa muda mrefu. Huku mvua hunyesha toka Novemba mpaka Machi, hupungua mwezi wa Aprili, kisha toka Mei mpaka Septemba mbingu hufungwa kabisa. Maji yote ya mwaka ni kama milimeta 1,200. Msitu unaoweza kuvumilia kiangazi kirefu namna hii ndio uitwao msitu mkavu wa nchi za joto, na katika nchi hizi jina lake ni miombo. Wafaransa na Wabelgiji huuita msitu wenye mwanga, maana vichwa vya miti havibanani. Jua hupenya mpaka chini, nyasi zikaota katikati ya miti.

Pori hili halina mipaka ya serikali. Laenea Angola, Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Tanzania na kusini ya Kongo, nalo ndilo kubwa kupita misitu mikavu yote ya Afrika. Miti yake mikuu, kama vile muputu na mutondo, ni ya jamii moja na maharage. Atakaye kuhakikisha na aangalie tunda lake: ni ganda refu na gumu, lenye mbegu zilizopangwa safu kama za maharage. Siku za jua kali ganda hilo hukauka, hujikunja, mwisho hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mbali na mama yake. Mtoto achungaye mbuzi husikia mlio huo akadhani ni mtu avunjaye vijiti.

Kuna mambo mawili ya kustaajabisha. La kwanza ni majani. Mnamo Septemba na Oktoba, wakati nchi imekauka, hata tone moja la mvua halijaanguka bado, miombo huvaa majani mapya, mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Maji ya kuyalisha yametoka wapi? Yametoka katika mizizi mirefu na katika akiba ambayo mti uliiweka ndani yake. Mti haungoji mvua ndipo uanze kuamini. Huanza kwanza, na mvua huja nyuma.

La pili ni mche. Mbegu ya muputu ikiota, juu ya udongo huonekana kijiti kidogo tu. Kiangazi kikija, kijiti hukauka au huungua. Mvua ikirudi, huchipuka tena. Mpita njia husema, “Mti huu haukui.” Kumbe wakua, lakini wakua chini. Kwa miaka mingi wajenga mzizi kwanza, na mzizi ukiisha kupata nguvu ndipo shina hupanda juu upesi. Kadinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza kwamba watu wa Afrika wasibatizwe kabla ya kufundishwa miaka minne. Wengi waliona miaka hiyo ni mingi mno. Mwenye kuutazama mche wa muputu ataelewa sababu: kisicho na mzizi, moto wa kwanza hukimaliza.

II. MALI ILIYOFICHWA NDANI YA PORI

Mgeni akipita kwa gari barabarani husema, “Hapa pana miti tu.” Mwenyeji ajua zaidi. Nao wataalamu waliohesabu mimea ya nchi zenye miombo wamepata aina zipatazo 8,500, na zaidi ya nusu ya hizo hazioti kwa asili mahali pengine popote duniani. Maana yake ni hii: mmea wa namna hiyo ukitoweka huku, umetoweka katika uumbaji wote. Hakuna nchi ya mbali ambako mbegu yake itaombwa.

Tena mimea hiyo haikai kila mmoja peke yake kama magunia ghalani. Imefungamana. Fikiri uyoga, ambao akina mama huuokota mwanzo wa mvua na kuuza kando ya barabara. Uyoga mwingi wa miombo hauoti kwa sababu ya mvua peke yake. Nyuzi zake nyembamba zimeshikamana na mizizi ya muputu na mutondo chini ya udongo. Uyoga huuletea mti maji na chumvi za ardhi, nao mti huulisha uyoga kwa chakula kilichofanywa na majani juani. Mti ukikatwa na kung'olewa, uyoga ule hufa pia, hata mvua ikinyesha vizuri namna gani. Ndiyo sababu vijiji vilivyomaliza miti yao vyasema kwamba uyoga umehama. Uyoga haukuhama, mwenzake aliuawa.

Uyoga mwingine hulimwa na mchwa ndani ya vichuguu. Mmoja wa jamii hiyo, ambao wataalamu waliuandika mwaka 1980 kutoka Zambia, kofia yake yaweza kufikia upana wa meta 1, wala haujulikani uyoga wa kuliwa ulio mkubwa kuupita. Na vichuguu vyenyewe vya Katanga ni ajabu nyingine: vingine hufikia kimo cha nyumba, navyo vimepimwa vikaonekana vina umri unaozidi miaka 2,000. Yaani mchwa walikuwa wakijenga huku siku zile Bwana wetu Yesu Kristu alipokuwa akitembea Galilaya. Juu ya vichuguu hivyo huota miti na vichaka visivyoota pembeni, kwa kuwa udongo wake ni wa namna nyingine. Kila kichuguu ni kama bustani ndogo katikati ya bustani kubwa.

Pori ni ghala pia. Lina masuku na mapundu kwa watoto; lina asali; lina viwavi waitwao tunkubiu, ambao hula majani ya miombo, nao ni nyama ya wasio na nyama. Lina mizizi ya munkoyo, inayofanya kinywaji cha unga kiwe kitamu na chepesi. Lina viazi vidogo vya kikanda, ambavyo hupondwa na kupikwa. Lina magome na majani ambayo wazee hutibu kwayo. Bwana François Malaisse, Mbelgiji mtaalamu wa mimea aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kinene juu ya vyakula vya pori hili tu, navyo alivijifunza kwa kuwauliza wenyeji. Yaani ujuzi uliokuwa vichwani mwa akina mama wa vijijini ulistahili kuandikwa na kusomwa katika vyuo vikuu.

Mahali pachache, katikati ya miombo, kuna msitu mwingine ulio mnene na wa giza, usiopukutisha majani kiangazi. Huo ndio muhulu. Zamani ulikuwa mkubwa zaidi. Siku hizi vimebaki vipande vidogo, na vingi vya hivyo vilisalimika kwa sababu moja tu: wazee walikataza kuvikata, maana ni mahali pa makaburi. Juu ya jambo hilo lipo neno la kusema mbele.

Mwishowe ni vilima vya shaba. Juu yake miti haioti, kwa kuwa shaba iliyo katika udongo ni sumu kwa mizizi. Lakini ipo mimea midogo, yenye maua, ambayo Mungu ameiwezesha kuishi katika sumu hiyo, na baadhi yake haijapata kuonekana nje ya vilima vya Katanga. Kilima kikichimbwa chote, mimea yake huondoka pamoja nacho.

III. JINSI PORI LINAVYOHARIBIKA

Adui wa kwanza ni makala. Mji wa Lubumbashi hupika kwa makala, na makala hutoka vijijini. Waliochunguza nchi zinazouzunguka mji huo kwa picha zilizopigwa toka angani wameona hivi: mwaka 1990 msitu ulifunika zaidi ya robo tatu ya eneo lile, mwaka 2022 ulikuwa umebaki chini ya nusu. Mtu aliyezaliwa mwaka 1990 hajawa mzee bado, naye ameona kwa macho yake nchi ikivuliwa nguo.

Katika kuchoma makala kuna hasara nyingi. Kuni kavu kilo 100, zikichomwa katika tanuru la udongo la desturi, hutoa makala kilo 10 mpaka 20 tu. Zilizobaki hupotea kwa moshi. Tanuru likipangwa vibaya, au kuni zikiwa mbichi, hasara huzidi. Tena mahali pa tanuru udongo huungua kama tofali, na miaka mingi hupita kabla ya kuota kitu.

Adui wa pili ni moto wa mwisho wa kiangazi. Jambo hili limepimwa. Mwaka 1933, karibu na Ndola, katika nchi iitwayo leo Zambia, si mbali na mpaka wa Kongo, wakuu wa misitu walitenga vipande vya pori. Kimoja kilichomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa na ubichi bado. Kingine kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Kingine hakikuchomwa kamwe. Miaka mingi ikapita. Kipande cha moto wa mwisho kilipoteza miti yake mikubwa, kikawa nyasi na visiki. Kipande cha moto wa mapema kilibaki pori, na miti yake ikaendelea kukua. Kipande kisichochomwa kilikuwa kinene, na miti isiyopukutisha majani ikaanza kuingia. Pori lilikuwa moja, udongo mmoja, mvua moja; kilichotofautiana ni moto, na mwezi wake.

Adui wa tatu ni tamaa ya haraka. Mukula ni mti wenye moyo mwekundu. Miaka iliyofuata 2010 wafanya biashara waliutafuta kwa fedha nyingi ili uuzwe nchi za mbali, hasa China. Vijana waliacha mashamba, wakaingia porini kuukata mchana na usiku. Malori yakaondoka yamejaa. Vijijini zikabaki barabara zenye mashimo, na sehemu kubwa ya faida ikaenda na malori. Mwaka 2019 mataifa yaliyokutana Geneva yaliuweka mti huo katika orodha ya mimea ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi lazima iangaliwe kwa vibali, na mwaka 2022, huko Panama, ndugu zake wote wa Afrika waliwekwa katika orodha hiyo.

Tena uko uharibifu mdogo mdogo usioonekana: kuangusha mti mzima ili kuokota viwavi, kumenya gome lote ili kufanya mzinga wa nyuki, mti ukafa umesimama, kuchimba kikanda na munkoyo pasipo kuacha hata mzizi mmoja kwa ajili ya mwaka ujao.

IV. MFANO: KIJANA NA MUHULU

Katika kijiji kimoja kando ya barabara iendayo mjini aliishi kijana, mkatekumeni wa mwaka wa tatu. Mke wake alijifungua kwa shida, akapasuliwa, na gharama zake zilikopwa kwa mfanya biashara wa makala. Mke na mtoto walipona, deni likabaki. Mfanya biashara alisema, “Unilipe kwa magunia kabla ya mvua.”

Pori la karibu lilikuwa limekwisha. Umebaki muhulu mmoja tu, nyuma ya kijiji, walimozikwa watawala wa zamani. Hakuna aliyethubutu kuukata. Yule kijana akanoa shoka lake, akasema mbele ya watu, “Ninyi mwaogopa mizimu. Mimi namwamini Mungu mmoja. Katika miti ile sioni mizimu, naona magunia.”

Wazee wasiosali wakakasirika, wakasema atakufa. Wenzake wakatekumeni wengine wakamsifu, wakisema huo ndio ushujaa wa mkristu. Lakini babu yake, mzee aliyebatizwa tangu ujana, hakumkasirikia wala hakumsifu. Alimwambia tu, “Mjukuu wangu, weka shoka chini, tufuatane.”

Wakaingia muhuluni. Nje jua la Septemba lilikuwa likichoma. Ndani kulikuwa na baridi, na udongo chini ya majani ulikuwa na unyevu. Babu akamwonyesha chemchemi ndogo. “Mke wako huteka wapi maji, kisima cha shule kikikauka?”

“Huteka hapa, Babu.”

Akamwonyesha mti uliomenywa gome kidogo upande mmoja. “Gome hili ndilo nililochemshia mama yako alipokuwa mtoto, akiharisha. Je, waujua mti mwingine kama huu katika nchi yote hii?”

“Siujui.”

“Hata mimi siujui.” Babu akaketi juu ya mzizi. “Mjukuu wangu, umefanya vema kuacha woga wa mizimu. Nami niliuacha kabla yako. Waliozikwa hapa ni watu kama sisi, wanangoja ufufuko. Lakini sikiliza. Woga wa wazee ulikuwa na giza, walakini uliulinda muhulu huu mpaka leo. Wewe umeondoa woga. Umeweka nini mahali pake? Ikiwa walioogopa walitunza, na wewe unayependa waharibu, watu watasema nini juu ya Mungu wako?”

Kijana akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Babu, maneno yako ni ya kweli. Lakini deni pia ni la kweli.”

“Ni la kweli,” babu akajibu, “wala sitakudanganya kwamba litalipwa kwa maneno.”

Wakaenda wote wawili kwa mfanya biashara. Yule hakufurahi. Baada ya mabishano mengi alikubali kungoja, lakini aliongeza deni. Kijana alichoma makala katika shamba la zamani, lililokuwa limelala miaka mingi, akikata miti mingine na kuacha mingine, naye akapata magunia machache kuliko aliyotazamia. Mvua zilipokuja, mke wake aliuza uyoga. Babu akauza mbuzi wake. Deni lilikwisha baada ya miaka miwili, na miaka hiyo miwili ilikuwa migumu: hawakununua nguo, na paa la nyumba lilivuja. Lakini siku ya Ubatizo wake, maji yaliyomiminwa kichwani pake yalitekwa katika chemchemi ya muhulu.

V. JE, KUKATA MTI NI DHAMBI?

Mkatekumeni asielewe vibaya. Kukata mti si dhambi. Mungu alimpa mtu miti ili ajenge, apike, aote moto, apate dawa. Mwana wa Mungu mwenyewe alikuwa mtoto wa seremala, akashika mbao kwa mikono yake. Anayekata apate chakula cha nyumbani mwake hana sababu ya kutahayari.

Lakini Kitabu cha Mwanzo chaeleza kwamba mtu aliwekwa katika bustani ailime na kuitunza. Kazi ni mbili, wala haifai kushika moja na kuacha ya pili. Katika Sheria ya Musa, askari waliouzingira mji hawakuruhusiwa kuikata miti ya matunda, ijapokuwa ni miti ya adui. Sheria hiyo hiyo iliamuru kwamba kila mwaka wa saba ardhi isilimwe, ipate pumziko lake. Mungu ambaye aliihurumia miti wakati wa vita, ataihesabuje miti iliyomalizwa wakati wa amani?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, hufundisha juu ya heshima kwa viumbe pale pale inapoeleza Amri ya Saba, ile ikatazayo wizi. Mtu aweza kuuliza, “Pori halina mwenyewe, nani ameibiwa?” Walioibiwa ni watoto wasiozaliwa bado. Wao pia wana fungu lao katika uyoga, katika maji, katika kivuli na katika dawa. Nao hawana mdomo wa kudai. Anayetwaa fungu lake hakuiba. Anayetwaa lake pamoja na lao, ameiba. Papa Fransisko naye, katika barua yake kubwa ya mwaka 2015, iliyopewa jina kutoka katika wimbo wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani. Wenyeji wa vijiji vya miombo hawahitaji kuelezwa sana: pori likiisha, tajiri hununua mitungi ya gesi, na maskini hutembea mbali zaidi kutafuta kuni.

VI. MAMBO YA KUFANYA

Jambo la kufariji ni kwamba miombo haifi upesi. Mti ukikatwa, kisiki huchipuka. Pori lililokatwa kwa ajili ya makala, lisipolimwa na lisipounguzwa kwa moto mkali, laweza kurudi kuwa pori katika miaka 20 au 30. Nabii Isaya alilinganisha kuja kwa Mwokozi na chipukizi la kisiki cha Yese. Wakati wa Majilio, mvua zinapokuwa zimeanza, mkristu wa Katanga aweza kuona mfano huo nyuma ya nyumba yake. Basi, apendaye kusaidia chipukizi na afanye hivi:

1. Akate kwa shoka kali, mkato laini ulioinama kidogo, maji yasituame juu ya kisiki. Asing'oe visiki na mizizi pasipo haja. Machipukizi yakiwa mengi, aache mawili au matatu yenye nguvu.

2. Asikate miti yote mahali pamoja. Aache ile mikubwa izaayo mbegu, miti ya matunda kama musuku na mupundu, na miti iliyo adimu.

3. Kuni za makala zikauke kwanza. Tanuru lipangwe vizuri, lizibwe vizuri, lilindwe usiku na mchana, nalo lijengwe palipokuwa na tanuru la zamani.

4. Ikiwa lazima kuchoma nyasi, zichomwe mapema, mwezi wa Mei au Juni, kwa mapatano ya kijiji kizima. Moto wa Septemba ni adui wa wote. Atakayetengeneza shamba asafishe njia pembeni kabla ya kuwasha.

5. Viwavi waokotwe pasipo kuangusha mti. Mizinga ifanywe kwa mbao, udongo au nyasi zilizosukwa. Katika kuchimba kikanda na munkoyo, mimea mingine iachwe ardhini.

6. Muhulu na makaburi ya wazee yaheshimiwe, si kwa hofu, bali kwa shukrani.

7. Kijiji kijue haki zake. Sheria ya misitu ya Kongo ni ya mwaka 2002, na agizo la tarehe 2 Agosti 2014 huruhusu wenyeji kuomba msitu wa kijiji chao, hata kufikia hektari 50,000, uwe mikononi mwao bila kuununua na bila mwisho wa miaka. Ombi hupelekwa kwa wakuu wa jimbo pamoja na ramani, na kibali hutolewa na Gavana. Msitu wenye wenyewe hulindwa. Usio na mwenyewe huliwa na wapita njia.

VII. MASWALI NA MAJIBU

Ulizo: Miombo ni msitu wa namna gani?
Jibu: Ni msitu mkavu wa nchi za joto, wenye mwanga, unaovumilia kiangazi kirefu.

Ulizo: Kwa nini uyoga hupotea miti ikiisha?
Jibu: Kwa kuwa uyoga mwingi huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti, mti na uyoga hulishana.

Ulizo: Ni moto upi uharibuo pori zaidi?
Jibu: Moto wa mwisho wa kiangazi.

Ulizo: Kazi mbili za mtu katika bustani ya Mungu ni zipi?
Jibu: Kulima na kutunza.

Ulizo: Mwenye kumaliza pori huvunja amri gani?
Jibu: Huvunja Amri ya Saba, kwa maana ametwaa fungu la watakaozaliwa.

Ulizo: Mkristu asiyeogopa mizimu aufanyie nini muhulu?
Jibu: Autunze kwa mapendo kuliko walivyoutunza wazee kwa woga.

AZIMIO LA JUMA HILI. Kila mkatekumeni achague kisiki kimoja karibu na nyumba yake chenye machipukizi. Asafishe nyasi pembeni yake ili moto usikifikie, naye akitunze mpaka siku ya Ubatizo wake.

SALA. Ee Mungu Muumba, uliyetupa pori kabla hatujaomba, utusamehe tulivyokata bila kufikiri. Utupe mikono ya kufanya kazi na mioyo ya kutunza, ili watoto wetu wakute kivuli, maji na chakula, wakusifu kama sisi. Kwa Yesu Kristu Bwana wetu. Amina.